Shule ya Nyimbo Juu ya Duka la Magodoro

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja redio ilipotoa lile tangazo, na mashine ikasimama hapohapo. Kiwanda cha rangi kinatafuta wimbo. Si lazima uwe mwanamuziki, alisema mtangazaji kwa ile sauti yao ya kulamba asali. Si lazima ujue noti wala gitaa. Tunga wimbo kuhusu rangi na nyumba, uje uuimbe mwenyewe, na mshindi ataondoka na pikapu mpya.

"Mpya kabisa?" aliuliza mteja, kichwa nusu kinang'aa, nusu msitu.

"Kasema mpya," alijibu kinyozi, akaanza kuguna kitu puani. Mteja naye akaguna cha kwake. Mzee aliyekuwa akisubiri zamu aliweka gazeti chini, akagonga mkono wa kiti kwa vidole. Nje ya mlango fundi viatu alipiga nyundo polepole, kisha haraka, kisha polepole tena, huku midomo ikimchezacheza.

Kwenye kiti cha mwisho, karibu na beseni, alikaa mtu mmoja ambaye hakuguna. Yeye alikuwa anawatazama wanaoguna, kama paka anavyotazama bucha.

Mtaani walimwita Sukariguru, kwa ajili ya ulimi wake. Aliwahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliipenda sana. Aliwahi kuuza viwanja karibu na ziwa, karibu kiasi kwamba mnunuzi alihitaji kujua kuogelea. Ukimuuliza kazi yake, angekupa jibu refu na tamu, na ukifika nyumbani ungegundua hukujibiwa.

Hilo ndilo lililomponza kwa wakwe. Mke wake, mwanamke mvumilivu lakini si jiwe, alikuwa amerudi kwao tangu msimu wa mvua. Sukariguru alipomfuata, baba mkwe alisimama getini, mikono nyuma. "Siku utakayokuja na kazi inayoonekana kwa macho, nitafungua," alisema. "Leo sioni kitu." Akafunga. Msicheke nikiwaambia kwamba Sukariguru aliumia. Tapeli naye ana kitanda, na kitanda kile kilikuwa kimemzidi upana. Kila jioni alijikuta amepika chakula cha watu wawili, akakila chote kwa hasira.

Sasa, pikapu inaonekana kwa macho. Hata mkwe mwenye miwani minene kama kitako cha chupa hawezi kuikosa.

Tatizo lilikuwa moja: Sukariguru hakujua kutunga wimbo. Hata bafuni alioga kimya. Lakini akiwatazama wale wagunaji aliwaza: katika mji mzima unaoguna, lazima yupo mmoja mwenye wimbo. Nimtafute. Tena anilipe kwa kutafutwa. Akishaupata wimbo wake mzuri, nitaupeleka redioni kwa jina langu. Aliondoka bila kunyolewa.

Ghorofani, juu ya duka la magodoro, palikuwa na stoo. Mwenye duka alikubali itumike jioni kwa sharti kwamba magodoro yasivuliwe nailoni. Bango likabandikwa: JIFUNZE KUTUNGA NYIMBO BILA KUSOMEA MUZIKI. Watu walifurika siku ya kwanza, wakasikia habari ya ada, wakapungua. Walibaki watatu.

Wa kwanza alikuwa fundi bomba, kijana mwenye mabega na sauti ya bomba lenye hewa. Wa pili alikuwa mstaafu wa posta, mzee wa tai, aliyetaka kumwonyesha mke wake kwamba kustaafu si kufa. Wa tatu alikuwa Mama Saluni, mwanamke wa kicheko kikubwa, aliyekuja kila jioni na mtindo mwingine wa nywele.

"Mimi sifichi, mwalimu," alisema siku ya kwanza. "Nataka ile gari. Mwenye nyumba kanitoa kwenye saluni yangu, kaweka duka la simu. Sasa nawafuata wateja majumbani, mashine ya kukaushia nywele nabeba kichwani. Nikipata pikapu nitakuwa na saluni ya magurudumu. Lakini kutunga, mwalimu wangu, sijui hata pa kuanzia. Kichwa changu ni kigumu, nakuonya mapema."

"Vichwa vigumu ndiyo kazi yangu," alisema Sukariguru kwa upole wa daktari.

Walikaa juu ya magodoro mapya, na kila aliyejigeuza nailoni ililia kra-kra. Mwalimu, kwa haraka zake, aliita ule mlio "mapigo ya asili".

"Noti," alianza, akitembea mbele yao mikono nyuma kama alivyomwona baba mkwe, "ni za watu waliokosa masikio."

"Na funguo za muziki?" aliuliza mstaafu, ambaye aliwahi kusoma kitabu. "Nimesikia kila wimbo una ufunguo."

"Mzee wangu, mlango ukiwa wazi, ufunguo wa nini?"

Mstaafu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Jibu lilikuwa halina maana yoyote, lakini lilitoka vizuri.

Hapo mwalimu akaishiwa. Alikuwa ameandaa mdomo, hakuandaa somo. Ili apate muda wa kufikiri, aliwaamuru wasimame dirishani. "Kila mmoja," alisema, "amwite mtu aliye mbali."

Fundi bomba alishika nondo za dirisha, akapayuka, "Weweee! Funga majiii!" Chini barabarani watu watatu walitazama juu, na mmoja, hatujui kwa nini, alikimbia.

Lakini Sukariguru alikuwa amesikia kitu. "Rudia," alisema. "Umesikia? 'Wewe' imepanda, 'funga maji' imeshuka ngazi moja moja. Hakuna aliyekufundisha. Sasa toa hayo maneno, weka ya rangi, njia iwe ileile."

"Nyumbaaa! Paka rangiii!" aliita fundi bomba, akabaki mdomo wazi. Ulikuwa wimbo. Wimbo mbaya, lakini wimbo. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa mwalimu mwenyewe, maana alikuwa amebuni somo hilo muda uleule, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi.

"Na wewe mwalimu, ita," alisema Mama Saluni.

"Mimi? Mimi sina wa kumwita."

"Kila mtu ana wake. Ita."

Aliinama dirishani ili amalize mambo, na kabla hajachagua la kusema, lilimtoka: "Mke wanguuu, eee!" Sauti ilipanda, ikakwaruza kidogo kule juu, ikateremka polepole mpaka ikakaribia kunyamaza. Hata nailoni ilitulia.

"Njia hiyo nzuri," alisema Mama Saluni. "Nitaiazima."

Wiki zikaenda. Mwalimu aliwakumbusha kila jioni, kwa kuogopa lawama za mbele, kwamba yeye haongezi neno lake hata moja: wimbo ni jasho la mwanafunzi. Tena akawaambia wasihangaike kwenda redioni. "Wale hawapendi msongamano mlangoni. Ijumaa ya mwisho nitawapelekea zote mimi." Fundi bomba alimshukuru kwa kumshika mkono kwa mikono miwili.

Nyimbo zenyewe sasa! Mstaafu alitunga wimbo uliotaja rangi zote kwa mpangilio, kama anayegawa barua nyumba kwa nyumba, na alipofika kahawia alirudi mwanzo kwa sababu alikuwa amesahau njano. Fundi bomba alitunga kuhusu rangi isiyovuja. Na Mama Saluni, ole wake, alisimama katikati ya magodoro, akakohoa, akaimba:

"Rangi ni nzuri, nzuri ni rangi,
Ukipaka rangi, utakuwa na rangi."

"Hapana!" Sukariguru alishika kichwa. Alitaka kuacha hivyohivyo. Ada si ameshalipa? Lakini ubovu ule ulimwasha kama upupu. "Mama, usimwambie mtu rangi ni nzuri. Mwonyeshe ukuta ambao haujapakwa. Aumie kwanza."

Kesho yake Mama Saluni alileta: "Ukuta haujapakwa, una huzuni ya ukuta."

"Ukuta hauna huzuni, mama! Mwenye huzuni ni anayeutazama. Nani anautazama?"

"Sijui, mwalimu. Nani?"

"Mtu amelala peke yake. Ukuta umepakwa nusu. Nusu buluu, nusu bado saruji. Weka hivyo."

"Ngoja nishike maneno. Nusu buluu... Kwa nini hakumaliza?"

"Mwenziwe kaondoka. Ngazi imesimama, brashi haijakauka."

"Maskini. Basi niweke kwamba alikwenda sokoni?"

"Sokoni! Mama, unaniua. Kaondoka kwa hasira. Rangi ilipungua."

"Ilipunguaje, mwalimu? Msikilizaji atauliza. Niweke kwamba debe la pili liliibiwa?"

Sukariguru alikuwa akitembea, akasimama. Aliutazama ukuta wa stoo, ambao ulikuwa ukuta tu. "Halikuibiwa," alisema taratibu. "Aliliuza mwenyewe. Weka hivyo. Usipoweka hivyo wimbo utakuwa wa uongo."

Na Jumatatu, jioni ya mwisho ya darasa, Mama Saluni aliuimba wote kwa ile njia aliyoiazima dirishani:

"Nusu ya ukuta buluu, nusu bado saruji,
Uliondoka ngazi imesimama, brashi haijakauka.
Debe la pili halikuibiwa, niliuza mwenyewe.
Rudi tumalize ukuta, mpenzi, rudi tumalize."

Mstaafu alilegeza tai. Fundi bomba alifuta macho na pua kwa mgongo wa mkono wenye grisi, akabaki na masharubu ambayo hakuja nayo. Mwalimu alitoka nje, akarudi baadaye macho mekundu, akisema ni vumbi la magodoro, ingawa magodoro yote yalikuwa ndani ya nailoni.

Usiku ule hakulala vizuri, si kwa majuto. Aliuimba wimbo kimoyomoyo mpaka ukamkaa kooni. Pikapu aliiona: rangi yake, geti la wakwe, kishindo cha mlango ukifunguliwa, na mke wake akija mbio huku amejifunga kanga.

Ijumaa asubuhi alivaa shati la kuazima, akaenda redioni. Nyimbo za fundi bomba na mstaafu hakuzichukua. Alisema moyoni kwamba anawaokoa na aibu. Pale mapokezi alimkuta dada mmoja mwenye kucha ndefu.

"Nimeleta wimbo wa rangi, dada yangu."

"Imba mistari miwili kwanza. Tumechoka na vichekesho."

Sukariguru alifumba macho. "Nusu ya ukuta buluu, nusu bado saruji..."

"Uliondoka ngazi imesimama," aliendelea dada wa mapokezi bila kuinua uso, "brashi haijakauka. Kaka, huu tumeupokea juzi. Umesharekodiwa. Ofisi nzima inauimba, hata mlinzi."

"Umepokelewa kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwangu, mwalimu," alisema mtu nyuma yake.

Mama Saluni alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, nywele leo zimesukwa kama taji. Kulia kwake fundi bomba, kushoto mstaafu, wote wamenuna. Alikuwa amewaleta waone kwa macho yao nyimbo zao zinavyopelekwa.

"Zetu ziko wapi?" aliuliza fundi bomba, akimkagua mwalimu mikono.

Mtayarishaji wa vipindi alitoka ofisini kwa sababu ya kelele. Na hapo, ndugu zangu, likatokea jambo ambalo mji haujawahi kuliona. Sukariguru alisema kweli.

"Huu wimbo ni wangu!" alilia. "Nimeutunga mimi! Kila neno! Huyu mama alikuwa analeta takataka, mimi natengeneza. Ule ukuta ni wangu, nalala nao! Naapa!"

Wakacheka. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akashika kucha zake zisivunjike. Mtayarishaji aliwageukia mashahidi. "Nyinyi mlikuwa darasani. Alitunga yeye?"

"Mwalimu alituambia kila siku," alisema mstaafu kwa sauti ya kirasimu, "kwamba haongezi neno lake hata moja. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma, siwezi kusema uongo."

"Kwanza hajui hata funguo za muziki," aliongeza fundi bomba.

Walimtoa nje. Ada alizirudisha palepale kwenye ngazi, zote, maana fundi bomba alikuja na ile spana kubwa. Alipobaki na Mama Saluni alikuwa hana kitu zaidi ya shati la mtu.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Hunikumbuki, eti? Uliniuzia mafuta ya kukuza nywele. Chupa ilimwagika kabatini, kabati likaota ukungu mpaka leo. Hukunitambua kwa sababu nywele zangu hazikai siku mbili zikiwa zilezile."

"Na ile mistari mibovu..."

"Baba, ile ilikuwa kazi! Nilikaa jikoni na binti yangu tunatafuta ubovu. Kuna jioni tulikosa kabisa ubovu wa kutosha, tukamwamsha bibi yake atusaidie. Nilikuona pale na fundi bomba: mtu akikosea mbele yako, huwezi kuvumilia, lazima utengeneze. Nikasema, huyu ana wimbo ndani na hajui. Nikimwomba hatanipa. Basi nimkosee mpaka autapike." Alisimama, akajifuta vumbi. "Nakupa pole, kwa kweli. Wimbo ni mzuri mno."

Wiki iliyofuata matokeo yalitoka: Mama Saluni ameshinda. Inasemekana mkurugenzi wa kiwanda alilia aliposikia wimbo, na mhasibu wake alilia zaidi alipogundua kwamba unamhimiza kila mtu akanunue debe la pili. Ukachezwa asubuhi, mchana na jioni. Sukariguru aliusikia kwa kinyozi, akatoka. Akausikia kwenye duka la mikate. Alipita barabarani akimwambia kila aliyemjua, "Ule ni wangu," na kila aliyemjua alimgonga bega na kusema, "Sukariguru bwana! Huishi vituko!" Hakuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo. Uongo wake wote waliununua. Ukweli wake mmoja hakuna aliyeutaka hata bure.

Kisha simu ikaita.

"Wewe," alisema mke wake.

"Mke wangu."

"Nimesikia wimbo redioni. Wa mama mmoja wa saluni."

"Eeh. Mzuri?"

"Baba anauimba tangu asubuhi, hajui anaimba nini. Uliniambia lile debe liliibiwa. Uliapa. Nikamnunia jirani miezi mizima kwa kumshuku mpwa wake, mtoto wa watu!"

"Wimbo si wangu. Umeshinda kwa jina la..."

"Nyamaza. Nani mwingine nchi hii analala mbele ya ukuta wa nusu?"

Sukariguru alikaa chini, palepale ukingoni mwa barabara. Mtu mmoja ameamini, na kwa kuamini tu tayari amemkamata kwa wizi.

"Ukuta ungali vile?" aliuliza mke.

"Ungali vile."

"Basi nunua debe. Buluu ileile. Ulilete hapa nilione, ndipo tuzungumze. Na risiti."

Simu ikakatika. Mfukoni hakuwa na hata kifungo. Alikwenda mpaka uwanja ambapo Mama Saluni alikuwa amesimamisha pikapu yake mpya, turubai juu, kiti nyuma, mteja chini ya mashine, foleni ya akina mama wakicheka. Dereva ndiye aliyekosekana. Gari lilikuwa limesukumwa hadi pale na wateja.

"Shikamoo, mama," alisema Sukariguru, ambaye hakuwa na kawaida ya kumwamkia aliyemzidi akili. "Nasikia huna dereva."

"Unajua kuendesha? Kweli, au kwa ulimi?"

"Leseni hii hapa."

Mama Saluni aliishika leseni juani, akaikwaruza kwa ukucha, akaipitisha kwa wateja wote wa foleni. Kisha akamtupia funguo.

Mwisho wa mwezi, pikapu iliyoandikwa SALUNI ubavuni iliingia kwenye mtaa wa wakwe na kusimama mbele ya lile geti. Dereva alishuka akiwa amekumbatia debe. Baba mkwe alitoka, mikono nyuma, akiguna wimbo wa rangi.

"Gari la nani?"

Majibu mazuri yalimjaa Sukariguru mdomoni, yakisukumana. Aliyameza yote, na yalishuka kwa shida.

"La Mama Saluni, baba. Mimi ni dereva wake."

"Hilo debe?"

"Langu. Risiti hii."

Mzee aliisoma mbele, akaisoma nyuma ambako hapakuandikwa kitu, akainusa. "Na huyo Mama Saluni anajua kwamba gari lake liko hapa?"

Sukariguru alitazama viatu vyake. "Anajua nimekwenda kujaza upepo, baba."

Mzee aliyatazama matairi, yote manne yamejaa vizuri kabisa. Akageuka, akaita ndani, sauti ikipanda na kushuka: "Binti yanguuu! Mumeo kaja! Ana kazi, lakini ni yuleyule!"

Kisha akafungua geti, akanyoosha mkono.

"Ingia," alisema. "Funguo za gari niachie mimi."